Bi Radhia Alivyotumalizia Tamthilia

Miaka minne hamjakanyaga chumba cha mashine. Hebu niambieni, njia imefungwa? Harusi za Sur mnakwenda, maduka ya Nizwa mnayajua mpaka rafu za nyuma, na kwenye msiba wa mtu msiyemjua mnafika kabla ya maiti mwenyewe. Lakini chumba kile cha mwisho wa ukumbi, mkono wa kushoto, hapa hapa hospitali kwetu Ibra, mmekipa mgongo. Nyinyi wa dobi, nyinyi wa jikoni, nyinyi mliokuwa mkileta wagonjwa wenu na mkasahau kuondoka: ni nyinyi ninaosema nanyi. Kaeni, msome.

Bi Radhia binti Marzouq anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 2007. Ameitumikia hospitali miaka ishirini na tisa na miezi mitatu, na kumi na tatu ya mwisho katika chumba cha kusafishia damu, upande wa wanawake. Utawala umemwandalia keki na cheti. Yeye kasema viti visipangwe, maana hapana atakayekuja. Asya wa ofisi ya mafaili ndiye aliyeniletea habari hiyo, na ndiye anayeyaandika haya ninayoyasema, kwa kuwa mie kalamu sikufundishwa. Nimemwambia asinitengenezee maneno.

Bi Radhia alizaliwa Unguja, akakulia Kuweit kwa ami yake, na huko akapata skuli. Kiarabu cha vitabuni anakijua kama anavyoijua mikono yake. Machi 1978 aliingia hospitali hii na ufagio, kisha akawa mhudumu wa wodi, na angalipenda cheo angalikipata, lakini kila alipoitwa ofisini kupandishwa alikutwa anageuza mgonjwa. Wauguzi wamekuja na kuondoka, madaktari wamekuja na kuondoka, na kila mgeni alionyeshwa vitu viwili: mlango wa dharura na Bi Radhia.

Mie nilikuwa dobi. Tulijuana kwa mablanketi. Damu ikitoka mwilini na kupita mashineni hurudi imepoa, na mgonjwa hutetemeka hata mwezi wa saba, nje mawe yanachoma. Siku moja kaniingilia kwenye chumba cha kufulia, hata salamu hakumaliza. "Bi Rahila, nataka blanketi likitoka kwenye mashine ya kukaushia limfikie mtu bado lina moto. Si vuguvugu. Moto." Nikamwambia mie si punda wake. Kesho yake nilikuwa ukumbini nakimbia na mablanketi manne kifuani, na nikakimbia hivyo miaka tisa.

Ndivyo nilivyoingia kwenye tamthilia. Saa ya mablanketi ilikuwa baada ya adhuhuri, na ndiyo saa ya tamthilia. Mwaka wa tisini na saba ikaja moja ya Meksiko, imetiwa maneno ya Kiarabu, lakini Kiarabu cha khutba. Sisi tuliotoka Unguja Kiarabu chetu ni cha sokoni: bei gani, punguza, Mungu akulipe. Tuliona midomo inakwenda, machozi yanatoka, hatujui analiliwa nani. Bi Radhia akasimama kando ya televisheni, mgongo ukutani, jicho moja kwenye kioo na jingine kwenye mirija ya damu, akaanza kutufasiria kwa Kiswahili. Siku ile chumba kilikuwa na watu sita. Kufika mwisho wa mwezi, watu walikuwa wanagombania kuegemea mlango.

Majina ya watu wale yalitushinda, tukawapa yetu. Yule mbaya tulimwita Jino la Dhahabu. Yule mama ambaye mtoto wake alichukuliwa mdogo, akakaa dirishani miaka ishirini anamngoja, tulimwita Mama Dirishani. Bi Radhia alikuwa na sheria zake. Padri alimfanya kadhi. Mvinyo ulikuwa sharbati. Watu wakitaka kubusiana, alipaza sauti, "Kila mtu aangalie mashine yake!" Na Aliya wa jikoni, mnamjua ulimi wake, humwambia, "Shoga, yule bwana kasema robo saa, weye umetupa maneno matatu."

"Yaliyobaki ni matusi."

"Basi hayo ndiyo tunayoyataka!"

Wameksiko wote wa chumba kile waliamkiana kwa shikamoo na marahaba, na hapana hata mmoja wetu aliyeona ajabu.

Sasa nimseme Khamisa. Wengine mlimkuta, wengine hamkumkuta. Alikuwa dada yangu, tumbo moja, kitanda cha pili kutoka dirishani. Figo zake zilikufa mwaka wa tisini na tano. Wenye maradhi yale hukatazwa tende nyingi, na kumkataza mtu tende hapa Ibra ni kama kumkataza kuitikia salamu. Khamisa alizificha kwenye pindo la leso. Bi Radhia alimpekua kila akija, kama mtu wa forodha, akimwachia moja. "Hii ya ulimi. Hizi nyingine za maiti, nazichukua."

Khamisa alikuwa na mwana, Abdullatif. Asubuhi ile ya mapinduzi kule Unguja, sitini na nne, mtoto alikuwa na miaka mitatu na amelala kwa shangazi yake, Ng'ambo. Khamisa alitiwa melini na nguo aliyovaa. Akaambiwa, twende, shangazi atamleta na mizigo. Wala mizigo haikuja, wala shangazi, wala mtoto. Barua zilikwenda, hazikurudi na jibu. Akaolewa tena huku, akazaa, akacheka, akapika. Lakini mlango ukigongwa, kijiko kilisimama mkononi mwake. Miaka thelathini na nne nilikiona kijiko kile kikisimama.

Kwa hivyo Mama Dirishani kwake haikuwa tamthilia.

Katikati ya mwaka wa tisini na nane Khamisa alichoka. Mkono umejaa vinundu vya sindano, usingizi hamna. Akaanza kukosa siku zake, leo anaumwa kichwa, kesho ana mgeni. Daktari alimsema, mie nilimsema, kaziba masikio. Siku moja, mirija imo mkononi, akamwambia Bi Radhia mbele yangu na mbele ya Aliya: "Nitakuja mpaka nione kama yule mama atampata mwanawe. Akimpata, nami nitaendelea kuchomwa. Asipompata, basi, nitalala kwangu, na mtu asinifuate." Aliapa. Na Khamisa hakuwa mtu wa kuapa kwa mzaha.

Septemba ikafika siku yenyewe. Yule kijana alikuja mpaka chumbani kwa mama yake. Mama kakaa kwenye kiti chake, sufi imo mapajani. Kijana akasema maneno, uso hauonekani vizuri. Kisha akageuka, akafunga mlango, akenda zake. Mama kichwa kikamwinamia.

Chumba kizima kikamtazama Bi Radhia, na Bi Radhia kanyamaza. Hakuwahi kunyamaza. Nasikia mpaka leo zile mashine zikizunguka. Khamisa akasema taratibu, "Kasemaje?"

"Kasema shikamoo, mama," akasema Bi Radhia.

"Mbona anakwenda?"

"Amekwenda kuchukua mizigo yake. Anarudi."

"Na yeye mbona kainama?"

"Kalala. Tangu mtoto apotee hakuwa akilala."

Tukalia wote kwa furaha. Aliya alipiga kigelegele mpaka sista akaja mbio akidhani mtu kafa. Khamisa hakulia. Alijifunika blanketi mpaka kidevuni, akasema, "Alhamdulillahi. Na sindano ya kesho kutwa mnipige mkono huu, ule umechoka." Kesho yake televisheni haikuwaka. Bi Radhia alisema imenuka moto. Ikakaa siku tatu, tamthilia ikaisha bila sisi, kisha fundi akaja, akaifungua, akasema haina ugonjwa wowote. Hatukuuliza. Tulikuwa na mwisho wetu.

Khamisa alifariki Novemba ya tisini na tisa. Abdullatif hakuja. Sitaki mtu asome haya akasema mwisho ulikuwa mzuri. Mlango uligongwa siku ile ya mwisho, alikuwa jirani kaleta uji, na dada yangu alifumbua macho akasema, "Amekwenda kuchukua mizigo." Baada ya hapo hakusema neno nililolielewa.

Mwaka wa elfu mbili na tatu, nimeshaacha kazi, nipo nyumbani na mkwe wangu Huwaida, mwalimu wa skuli huko Nizwa, kaja kwa likizo. Kwenye dishi wakairudia ile ile. Nikamwita, njoo utazame, leo mtoto anarudi, na nishaanza kulia kabla ya wakati. Huwaida anamenya vitunguu thomu, kanitazama. Kiswahili chake ni hicho hicho mnachokijua.

"Mama, kwa nini unafurahi? Huyu mama yake amekufa."

"Kalala."

"La, mama. Amekufa. Mtoto yake anasema, mimi sijui wewe, mimi mama yangu ni ile alinilea. Anafunga mlango. Halas."

Nikamwambia akae kimya, hajui. Akaniambia kwa adabu kwamba Kiarabu ndicho anachosomesha.

Yaliyofuata mliyaona wenyewe, maana mlikuwepo. Nilikwenda chumba cha mashine bila hata kufunga buibui vizuri. Nilimkuta Bi Radhia kakumbatia mablanketi. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Radhia, umemdanganya dada yangu mpaka kaburini! Umemtia tamaa ya mtu asiyekuja!" Nilingoja ajitetee, nimrudishie. Akasema, "Ndiyo, Bi Rahila. Nilimdanganya." Kisha akamfunika mgonjwa wa kitanda cha pili, akapapasa miguu kuona kama imefunikwa yote. Nikasema aliyekuwa akimheshimu Khamisa atoke na mimi. Mkatoka, kumi na mmoja. Aliya alitoka na birika lake mkononi, chai bado inachemka.

Tangu siku ile, nimeambiwa, Bi Radhia hakufasiri tena hata neno moja. Televisheni inasema Kiarabu chake ukutani, na wagonjwa wanaangalia midomo.

Wiki iliyopita Asya alikuja kwangu na faili. Asya ni binti wa Khamisa, sikulitaja hilo makusudi tangu mwanzo msije mkasema anampendelea mtu. Akanifungulia karatasi moja, ya mahudhurio. Kila siku ya mashine ina kijumba chake. Mgonjwa akija hutiwa alama, asipokuja huachwa tupu. Kusoma sijui, lakini alama naijua. "Mama mdogo, hii hapa miezi kabla ya Septemba," akasema. Nikaiona: alama, tupu, tupu, alama, tupu, kama mdomo wa mzee. "Na hii baada ya Septemba." Nikapitisha kidole. Alama. Alama. Alama. Nikageuza karatasi, alama. Miezi kumi na minne, mara tatu kwa wiki, na hapana kijumba kitupu mpaka cha mwisho kabisa.

Katika miezi hiyo Asya aliolewa, na aliyemfunga ushungi alikuwa mama yake kwa mikono yake. Katika miezi hiyo mie na Khamisa tulisameheana neno la miaka ishirini, ambalo haliwahusu nyinyi. Asya akakunja karatasi. Nikamwambia aniache nilie kidogo.

Uongo ni uongo, na Bi Radhia atausema mbele ya Mola wake, sina haja ya kumsemea. Lakini mwenye haki ya kukasirika katika jambo hili nilikuwa mie, nyinyi nyote mlikasirika kwa niaba yangu, na hasira yangu imeisha. Nilidhani alimwibia dada yangu ukweli. Kumbe ukweli Khamisa alikuwa nao tangu sitini na nne, haukuwa ukimsaidia kunyanyuka kitandani. Bi Radhia alikuwa na sekunde tatu na chumba kizima kinamtazama, na hakuwa na neno la kumpa isipokuwa lile la mizigo, alilolisikia kwa Khamisa mwenyewe. Akampa hilo. Kisha akalibeba peke yake, na mie nikampigia kelele.

Bi Radhia, nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu naomba unisamehe. Tunakushukuru kwa miguu yote uliyoifunika. Tunakushukuru kwa tende ulizozichukua na kwa ile moja uliyoiacha. Mungu akupe umri wa kukaa bila saa ukutani, mwili usiohitaji mkono wa mtu, na nyumba isiyopoa. Ukichoka kupumzika, njoo kwangu. Dishi ninalo, na huyu Huwaida anafasiri kila kitu kama kilivyo, ananichosha roho.

Na nyinyi. Jumamosi, saa nane, saa ya mablanketi. Mie nitakuwepo na moja la moto, wa dobi wa sasa nimeshawaambia. Viti havitapangwa, kwa hivyo kila mtu aje na chake. Aliya, lete birika. Mkifika mlangoni msisukumane, msianze kulia, wala msitoe hotuba. Mwamkie shikamoo, na akikuuliza miaka minne ulikuwa wapi, mwambie ulikwenda kuchukua mizigo yako.