Mikaratusi ya Baba Mkwe

Hamjambo wenyewe. Mwenyekiti wa kikundi ameniambia niongee kwa ufupi, na wale tunatoka nao upande mmoja wameanza kucheka, kwa sababu wananijua. Nitajaribu. Nimeombwa niseme vile maji yalitupotea kwetu, hapo chini ya Karurumo.

Nilipoolewa, bondeni kwetu kulikuwa na chemchemi. Hapo ndipo nilipanda nduma zangu, magimbi yanayopenda maji, na kuziuza ndiko kulivalisha watoto wangu. Juu tu ya chemchemi, baba mkwe alikuwa amepanda mikaratusi. Msimlaumu. Siku hizo kila mtu aliambiwa mkaratusi ni mali, unakua haraka, unauzwa nguzo za stima. Alitaka wajukuu wasome.

Miti ikakua. Maji yakapungua polepole, hata usingejua. Kwanza nduma zikawa ndogo. Halafu majani yakawa manjano. Halafu nikawa nachota na kikombe. Nikamwambia bwanangu hii miti inatumaliza, ikatwe. Akanijibu, "Hiyo ni miti ya mzee. Mwambie mzee."

Sasa ndugu zangu, nawaambia, huyo mzee wakati huo nilikuwa namlisha na kijiko. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia na kuchukua maneno yote. Na kwetu mnajua: mti uliopandwa na baba, baba akiwa hai, hakuna mtoto anauwekea panga bila yeye kukubali. Ni laana. Shemeji zangu wote waliogopa, hata yule anafundisha sayansi. Nikaenda kwa chifu, akasema ni jambo la boma. Nikaenda kwa mchungaji, tukaomba. Afisa wa misitu akaja, akasema miti hiyo haifai kukaa karibu na maji, akaandika, akaenda. Wote walikubali niko na haki, na hakuna aliyeshika panga.

Mnajua kuona kitu kinakufa na dawa yake iko hapo? Nilikuwa nakaa kando ya zile nduma nalia kama mjinga. Halafu narudi nyumbani kumwosha mzee na maji ya kuomba kwa majirani. Siku zingine nilimchukia, nasema ukweli, halafu ananiangalia na nashindwa.

Asubuhi moja majirani hawakuwa na maji ya kunipa, kwa sababu hata yao yalikuwa yameisha. Nikaketi kitandani kwake nikamwambia, "Baba, leo sina maji ya kukuosha. Chemchemi imekauka. Ni ile miti yako."

Akanishika na ule mkono mzima, akanivuta, akaangalia mlango. Nikawaita bwanangu na ndugu zake, wakambeba kwa kiti mpaka bondeni. Mzee akaangalia pale palikuwa na maji, akaangalia miti yake, machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea panga ya shemeji. Tukamsaidia kuishika. Akagusa gome la mti mmoja, alama ndogo tu, na wanawe wakaanza kukata hapo hapo.

Ningependa kuwaambia maji yalirudi wiki hiyo. Hayakurudi. Mzee alituacha bonde likiwa kavu, na maji ya kumwosha mara ya mwisho yaliletwa na punda. Ilikuwa baada ya misimu ya mvua kupita ndipo udongo ulianza kulowa. Mpaka leo maji ni kidogo, ni ya kunywa tu, nduma bado. Vile visiki vinachipuka, nakata, vinachipuka tena. Wakati mwingine naona vitanishinda.

Nawashukuru shemeji zangu waliobeba kile kiti, majirani walionipa maji walipokuwa nayo, na nyinyi wa kikundi hiki mlionipa miche ya mianzi na miti ya kienyeji tukapanda pale. Lakini wazee mlioketi hapo mbele, kwa heshima, nawaomba kitu kimoja. Kama uko na mti unaokunywa maji ya watu, rudi nyumbani leo uwaambie watoto waukate, ukiwa bado na mdomo. Na nyinyi watoto, msikae mkimwogopa baba yenu. Baba yetu angekubali. Hakuna mtu alimwuliza wakati alikuwa anaongea.