Vidonge vya Damu Nilivyomeza kwa Chai

Bwana asifiwe, wanajumuiya! Asifiwe tena, maana mimi Mama Aneti wa hapa hapa Kilema nilikuwa mtu wa kuzikwa, na leo nimesimama mbele yenu napaza sauti!

Uzazi wangu wa pili nilivuja damu mpaka nikazimia. Daktari akaniambia wazi: ukibeba mimba tena na damu iko chini hivi, mtakufa wewe na mtoto. Mwaka uliofuata nikabeba.

Kliniki wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Nikameza kila siku, sikuruka hata kimoja! Nikipimwa, damu iko pale pale. Nesi akanikaripia mbele ya kina mama wote, "Wewe vidonge unatupa migombani!" Ndugu zangu, nililia njia nzima. Nyumbani nako wakanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, nami nikaamini. Nikafunga kula siku tatu na mimba yangu, mjinga mimi! Nikazidi kuishiwa nguvu, hata ndoo ya maji ikanishinda.

Lakini nikasema, sifi! Nikarudi kliniki ile ile. Safari hii nilimkuta mtawa mmoja mzee. "Shikamoo Sista," nikamwambia, "mimi vidonge situpi. Niulize chochote." Akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unavimeza na nini?"

Na chai, Sista! Nani huku mlimani anameza kidonge kwa maji ya mfereji asubuhi, yanavyouma meno kwa baridi? Kahawa tunauza, chai ndiyo tunakunywa, nyeusi tii, imechemka mafigani tangu alfajiri. Maharage nayo nashushia chai.

Sista akashika kichwa. Akanieleza kwamba majani ya chai yana vitu vinaitwa flavonoidi na ndugu zake, navyo huyakamata madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge na maharage humo humo tumboni. Chuma kikishakamatwa, kingi hakiingii kwenye damu, kinatoka na choo. Kumbe nilikuwa najizuilia dawa kwa mkono wangu mwenyewe! Akaniagiza nimeze kwa maji yaliyochemshwa, nile na chungwa, na chai isubiri saa mbili nzima.

Haikuwa rahisi, jamani. Kichwa kiliniuma siku tatu kwa kukosa chai ya alfajiri. Mama mkwe akaja na birika lake, akaniambia nimeanza maringo. Nikamjibu kwa heshima, "Mama, chai yako naipenda, lakini sasa hivi sinywi." Akanuna wiki nzima. Mimi nikakaza! Nikipimwa, damu imepanda kidogo. Nikipimwa tena, imepanda. Yule nesi aliyenikaripia akaangalia kadi mara mbili, akaniomba radhi.

Siku ya kujifungua nilivuja tena, ndugu zangu. Siwafichi. Lakini safari hii nilikuwa na damu ya kutosha, nikabaki na akili zangu, nikasikia mtoto akilia. Utukufu kwa Mungu aliyemweka yule mtawa mahali pale!

Wewe uliyekaa hapo, unamlilia Mungu akuponye huku ukiona haya kumweleza nesi unavyokula na unavyomeza, mtegemee Bwana, halafu nenda ukaseme yote. Ukikaripiwa, rudi tena. Mimi nilirudi.

Aneti, mwanangu, simama wakuone!