Kijiko na Mlango wa Bati

Ndugu waombolezaji, historia hii ya marehemu nimeiandika mimi, mama yake mzazi, na kwa kuwa sauti yangu leo haitafika mbali, anawasomea mjomba wake.

Mtoto wetu, mliyemjua kwa jina la Kijiko, alizaliwa tarehe 3 Machi 1986, katika chumba tulichopanga nyuma ya karakana ya mchomeleaji, na baba yake aliondoka kabla hajaanza kutambaa. Alianza shule ya msingi Januari 1993, na likizo zote hadi 1996, kwa kuwa nilifua mashuka ya hospitali zamu ya asubuhi na sikuwa na wa kumwachia, nilimfungia ndani kwa kufuli, nikamwambia nikiwa nje, "Usimfungulie mtu, narudi saa nane," maneno ya bure, maana ufunguo nilikuwa nao mimi. Aligonga ule mlango wa bati kwa kijiko mpaka niliporudi, mara mbili polepole, mara tatu haraka, ndipo majirani wakampa jina.

Alimaliza sekondari Novemba 2004, akaajiriwa katika kiwanda cha kuchapa vitabu, na jioni akapiga gitaa karakanani na mpiga ngoma na msichana mmoja aliyepiga gitaa la besi, roki ya kelele ambayo watangazaji wa redio hawakujua waiweke wapi. Tarehe 12 Juni 2011, wakati wa mapumziko kazini, aliandika nyuma ya karatasi iliyoharibika wimbo wa "Saa Nane", mapigo yake ni ya kile kijiko, kiitikio chake ni maneno yangu yale yale. Ulipovuma, sokoni waliniuliza, "Mama Kufuli, leo umemfungia nani?" nami nikanunua vitunguu vyangu nikaondoka, kwa sababu ni kweli.

Alitunga nyimbo nyingine arobaini na moja, lakini kila alipoanza mojawapo, watu waligonga viti, mara mbili polepole, mara tatu haraka, hadi aurudie ule ule, akaniambia, "Mama, wewe angalau saa nane ikifika ulikuwa unafungua."

Alifunga ndoa na yule msichana wa gitaa la besi tarehe 14 Desemba 2013, wakajaliwa binti mmoja tarehe 20 Agosti 2015, ambaye hajafungiwa hata siku moja. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, na alifariki tarehe 9 Mei 2023, saa tano asubuhi, mlango wa wodi ukiwa wazi, kwa kuwa aliomba hivyo, nami niliuzuia usijifunge kwa kiti changu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia kijiko kile miaka minne, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani. Bendi itapiga "Saa Nane" mara moja, kisha itapiga mwingine, ambao hakuwahi kuachwa aumalize, na hapo nawaomba msiguse viti, mpaka uishe.

Pumzika kwa amani, mwanangu.