Pesa za Shaikha Zinadaiwa

Benchi letu liko Ansab, hapa Maskati, nje ya duka la dobi, upande unaopata kivuli baada ya alasiri. Mwaka huo wa 2005 mguu wake mmoja ulikuwa tofali, na kila mtu alijua pake pa kukaa. Saeed tunamwita Redio, kwa sababu hakuna habari ya dunia ambayo hakuisikia yeye kwanza. Zakayo, fundi wa viyoyozi kutoka Bukoba, ni Baridi, ingawa akibishana hutoka jasho. Mimi ni Msellem, wamenipa jina la Kadhi eti kwa sababu nakatiza watu maneno. Nawakatiza kwa sababu wanasema upuuzi. Mzee Ishaq pekee hatukuthubutu kumpa jina. Alifanya kazi ya forodha bandarini Matrah mpaka akastaafu, nyumba yake ndiyo ile yenye mlango wa kijani inayotazamana na benchi, na kahawa tunayokunywa ni yake. Siku ile alitoka na thamosi bila vikombe, nikajua kuna jambo.

Redio: Sheikh, leo tunywe kwa viganja?

Mzee Ishaq: Nawar kapiga simu adhuhuri. Pesa za Shaikha wanazitaka.

Redio: Nani wanazitaka?

Mzee Ishaq: Ofisi ya kodi. Ya Uingereza.

Nilishtuka, nasema kweli. Nawar ni binti yake, yuko Portsmouth, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Shaikha ni mtoto wa Nawar. Ana miaka minane, na tokea ana minne analelewa hapa na bibi yake, Bi Kheiria, mke wa Mzee Ishaq. Mtoto wa skuli ya msingi anadaiwa na ofisi ya kodi!

Baridi: Mzee, samahani. Huyu mtoto alifanya biashara gani?

Mzee Ishaq: Hakufanya kitu. Kule mtu mwenye mshahara mdogo na mtoto, ofisi ya kodi inampa pesa kila mwezi. Nafuu ya kodi. Nawar alikuwa akipewa, na akipewa akileta huku. Ndizo zilizokuwa zikilipa skuli.

Baridi: Ngoja kwanza. Ofisi ya kodi inatoa pesa? Inamtolea mtu?

Mzee Ishaq: Inatoa.

Baridi: Jamani! Kwetu mtu wa kodi akiingia mtaani, watu wanafunga maduka. Huko anakuja na bahasha?

Redio: Weye Baridi hujatembea. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Methali hiyo inaingia wapi hapa?

Redio: Inaingia. Mwenye kusoma anaiona.

Mimi: Kaa kimya, mzee amalize. Sheikh, sasa kwa nini wazitake walizotoa wenyewe?

Mzee Ishaq: Wanasema walizidisha. Pesa ni za mtoto anayekaa na mama yake. Huyu hakai naye, anakaa na sie.

Tukaguna sote. Hebu niambieni, nani kati yetu alikaa na mama yake? Mimi nimelelewa na khalati yangu, dada wa mama, Ng'ambo kule Zanzibar mpaka nikaota ndevu, na mama yangu alikuwa Mkunazini, mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Redio kalelewa Wete na shangazi. Mtoto hupelekwa kwa bibi, kwa shangazi, kwa yeyote mwenye nafasi na sufuria kubwa, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mama kaacha kuwa mama.

Redio: Wallahi mie nimekaa kwa shangazi miaka kumi na sita. Mbona mama hakurudisha kitu?

Mimi: Mama yako alipewa nini cha kurudisha?

Baridi: Sasa walijuaje? Mtoto yuko huku, wao wako kule.

Redio: Setilaiti! Wanapiga picha kila nyumba, wanahesabu vitanda. Kitanda kitupu, pesa zinadaiwa.

Baridi: Inapita kwenye paa?

Redio: Inapita kwenye zege, sembuse paa.

Mzee Ishaq: Hakuna setilaiti. Nawar kawaambia mwenyewe.

Baridi akasimama kabisa.

Baridi: Kawaambia?

Mzee Ishaq: Kila mwaka wanamuuliza, kuna kilichobadilika? Naye anajibu hakuna. Na kweli kwake yeye hakuna. Mtoto ni wake, kamzaa yeye, chakula analeta yeye. Mwaka huu wakauliza anasoma skuli gani. Akaandika jina la skuli ya hapa Maskati, na chini akaongeza: yuko kwa babu na bibi, hajambo.

Redio: Hajambo! Kaandika hajambo!

Baridi: Si angeandika shule ya kule tu?

Mzee Ishaq: Zakayo! Binti yangu aseme uongo kwenye karatasi ya serikali? Mie nimekaa forodhani umri wangu wote, sijapitisha hata katoni la sabuni kwa uongo. Nimlee hivyo, halafu umfunze weye!

Baridi akakaa, akaomba radhi. Mzee Ishaq si mtu wa kupaza sauti, na alipoipaza ndipo tulipoogopa. Sisi tukiogopa huwa hatunyamazi. Tunatoa ushauri.

Redio: Basi mie nna dawa. Wewe Sheikh ndo unamlea, si ndiyo? Basi pesa ni haki yako. Unawaandikia, jamani mlipotea nyumba, leteni huku.

Mimi: Aombe Uingereza imlipe babu wa Ansab?

Redio: Walitutawala bure?

Mimi: Huku hatujui hata kodi ya mshahara ikoje, wewe unataka nafuu yake!

Baridi: Au mtoto aende akalale kule usiku mmoja, wamwone, arudi.

Redio: Mmoja hautoshi. Alale mitatu, apige picha na polisi.

Baridi: Au waseme ni pacha! Mmoja kule, mmoja huku.

Mimi: Na huyo wa kule mtamzaa nyinyi?

Redio: Kadhi, unacheka, lakini nnajua mambo haya. Deni kama hili halifi. Linamngoja mtoto afike miaka kumi na minane, siku ya kwanza anakwenda uwanja wa ndege, wanamtoa kwenye foleni. Na akiolewa linahamia kwa mume. Mume akimwacha, linarudi na mahari.

Baridi: Ndiyo maana mkataa pema, pabaya panamwita.

Mimi: Nani kakataa pema, wewe?

Baridi: Mzee, mimi nasema wakate rufaa leo hii. Kesho asubuhi barua iwe imeondoka. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Kaisema bila kufikiri, kama tunavyozisema zote pale benchini, kujazia maneno. Mzee Ishaq akaiweka thamosi kwenye benchi.

Mzee Ishaq: Anamchukua.

Redio: Nani?

Mzee Ishaq: Nawar. Skuli zikifungwa, anakuja kumchukua Shaikha. Mtoto akiwa kule, malipo yanaanza upya kwa haki. Katika hayo mapya, wanakata kidogo kidogo deni la zamani mpaka liishe.

Baridi: Yaani... mtoto anakwenda kulipa deni la mtoto?

Mzee Ishaq: Ndo hivyo.

Ya Rabbi. Nimeishi Zanzibar, nimeishi hapa, nimeona mtu akiweka rehani saa, dhahabu ya mkewe, nyumba. Lakini mtoto kuhamishwa nchi ili deni likatwe kila mwezi, hilo sikuwahi kulisikia. Lilinichoma, na sioni haya kusema.

Mimi: Sheikh, uza gari. Sie tutachanga.

Redio: Nna kiwanja Barka, wallahi kinakaliwa na mbuzi tu.

Mzee Ishaq: Nimemwambia nauza gari. Kasema, baba, usiuze kitu. Kasema hata bila deni alikuwa anatafuta sababu. Miaka minne anamsikia mwanawe kwenye simu tu, kachoka. Sasa nimjibu nini? Kasema kosa gani? Mtoto ni wake.

Hapo ushauri ukatukauka. Tungekuwa na serikali ya kutukana ingekuwa rahisi. Binti wa mtu anamtaka mtoto wake, utamtukana vipi?

Ndipo mwanamke mmoja akatoka dukani kwa dobi, amebeba kanzu za dishdasha zilizopigwa pasi. Tulimjua kwa sura tu, mgeni wa wiki ile, anafanya kazi kwenye nyumba ya pembeni. Nadhani alikuwa akisubiri nguo hizo muda wote na maneno yote ameyasikia, maana sauti zetu si ndogo.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Belinda. Samahani kuwaingilia. Huyo bibi anayemlea mtoto, ameshaambiwa?

Redio akajitia kulipanga tofali la benchi. Baridi akakuna shingo. Mimi, Kadhi mzima, nikajikuta nasoma bei za dobi ukutani. Tumekaa hapo tunakata rufaa, tunazaa mapacha, tunauza viwanja, na hakuna aliyemtaja Bi Kheiria hata mara moja. Mzee Ishaq alikuwa ameinama. Simu ililia adhuhuri, na sasa jua linazama.

Belinda alingoja jibu kwa adabu.

Mlango wa kijani ukafunguka kidogo, sauti ya Shaikha ikavuka barabara.

— Babu! Mama anasema umesahau vikombe!

Mama, yaani Bi Kheiria. Tokea aje kwetu, mtoto yule hajamwita mtu mwingine jina hilo.