Mashine Inayosikia: Maneno ya Kumuaga Afande Otim

Mheshimiwa Mkuu wa Gereza, uliyeketi kwenye kiti chenye mto. Mheshimiwa Mwenyekiti wetu wa RC, baraza la mtaa wetu wa Nabuyonga hapa Mbale, Mzee Masaba, uliyeketi kwenye kiti kisicho na mto. Padri wetu, Shehe wetu, maafande wa vyeo vyote. Mama Akello, mke wa mstaafu wetu. Ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mliokuja bila kualikwa kwa sababu mlinusa pilau: asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Magidu, fundi wa umeme wa magari, mzaliwa wa Masese kule Jinja. Shule niliiacha darasa la tano, na walimu hawakunifuata. Nimeambiwa niseme kwa Kiswahili ili maafande na raia tuelewane. Najua wapo hapa ambao wakisikia Kiswahili, lugha ya askari, mikono inakwenda mfukoni kutafuta kitambulisho. Tulieni, mama zangu. Leo hakuna anayekaguliwa.

Nimepewa dakika tano za kumuaga Afande Aloysius Otim, sajini wa magereza kwa miaka ishirini na saba, ambaye kesho anapanda gari na familia yake kurudi kwao Lango, kaskazini. Nilimwambia Mkuu kwamba dakika tano hazinitoshi hata kujisifu. Akanijibu, "Basi usijisifu." Mheshimiwa, mgonjwa huambiwa asikohoe?

Afande huyu alinikuta mwaka themanini na saba nikilala ndani ya kebini ya lori bovu, nyuma ya gereji niliyokuwa najifunza kazi. Alipiga bodi kwa fimbo, akauliza, "Wewe kijana wa Masese, leo unakula wapi?" Nikamwambia nimeshiba. Akasema, "Sijauliza kama umeshiba, nimeuliza unakula wapi." Tangu siku hiyo nikala kwake. Nyumba ya vyumba viwili, watu kumi na mmoja, kwa maana watoto saba wa dada zake walikuwa wamefika kutoka Lango kwa miguu, wakikimbia vita. Mimi nikawa wa kumi na mbili, na mimi, mnaoniona hivi, nakula kwa watu wawili.

Sasa sikilizeni. Desemba ile, mmoja wa watoto hao, Jovia, alikuwa na miaka sita. Hakuwa mtoto wa maneno mengi. Jioni moja akamtazama Afande akauliza, "Mjomba, Krismasi nayo waliichoma?"

Afande, mtu ambaye wafungwa mia mbili walikuwa wakisikia kiatu chake wanapanga mstari, aliinuka akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Je, wewe ungejibu nini? Mimi nilijibu. Mimi, Mwislamu ambaye Krismasi naijua kwa nyama tu, nilisema, "Jovia, haikuchomwa. Nitakuonyesha."

Nilikwenda Jinja. Kuanzia Bugembe barabara ilikuwa imejaa mizoga ya magari ya vita, na kila mzoga, ndugu zangu, una macho. Nikayang'oa. Balbu za breki, nyekundu. Za indiketa, rangi ya chungwa. Taa ndogo za mbele, nyeupe. Nilirudi na gunia lenye balbu themanini na nne, na kwenye kila kizuizi cha njiani nilimwaga gunia chini, nikaeleza, nikaokota moja moja. Nikazitundika kwenye paa, kwenye madirisha, kwenye mpapai wa Mama Akello, mpaka mpapai ukaonekana umevaa sare. Moto tulichukua kwenye betri ya gari, maana stima ya Mbale wakati ule ilikuwa ikija kama mgeni.

Lakini balbu zinazowaka tu ni jambo gani? Hata duka la dawa lina balbu. Mimi nilitaka taa zicheze. Redio kaseti ipige nyimbo za Krismasi za kwaya, na taa ziitikie: ngoma ikilia, nyekundu, akina mama wakipandisha sauti, nyeupe, makofi, indiketa. Nikatangaza Nabuyonga yote kwamba nimeunda mashine inayosikia. Nikatundika ukutani debe la mafuta ya kupikia, waya zimeingia huku na zimetokea kule, mfuniko nimeulehemu pande zote mtu asichungulie. Jirani yetu Shifa, ambaye leo amekaa pale na kitambaa cha kijani na anajifanya hanijui, aliniuliza, "Magidu, hilo debe lako linasikia hata nikikusengenya?" Nikamwambia, "Linasikia hata ukiniwaza." Akacheka. Kicheko kile kiliniharibu akili.

Jioni ya mkesha wa Krismasi, giza linaingia, mtaa mzima ulikuwa mbele ya nyumba, Waislamu na Wakristo. Redio ikaanza. Ngoma ikagonga, puu, na taa nyekundu zote zikawaka kwa pamoja.

Mnajua kilichotokea? Nusu ya watu walilala chini! Mwanga mwekundu pamoja na mshindo: miili yao ilijua maana yake kabla vichwa havijauliza. Kina mama waliwafunika watoto. Mwenyekiti wetu mpendwa alikwenda mbio hadi kwenye kona ya msikiti, na kiatu chake kimoja kilibaki kutazama onyesho. Mimi nilishtuka mpaka mkono ukaganda. Sikuwa nimefikiria hata kidogo kwamba nimewaundia watu vita. Halafu katika kimya kile akina mama wa kwaya wakaingia, taa nyeupe zikapanda mpapai, na sauti moja ikacheka. Jovia. Alikuwa amesimama peke yake kati ya watu wazima waliolala chini, anacheka, anaonyesha kwa kidole. Mmoja mmoja wakainuka wakipangusa vumbi, wakaona haya, wakaanza kupiga makofi.

Wimbo wa pili haukufika katikati. Lori la doria likasimama, askari wakaruka chini, na luteni mmoja mrefu akauliza, "Nyumba hii inamwashia nani taa?"

Na hapo Mwenyekiti, aliyekwisha kurudi kuchukua kiatu, akasema kwa fahari, "Afande, hiyo ni mashine inayosikia! Inafanya kazi yenyewe, haina mtu!"

Mwenyekiti, nakushukuru kwa msaada ule.

"Inasikia?" akasema luteni. "Inamsikia nani? Nyumba ya nani hii?"

"Ya sajini wa magereza, afande. Mtu wa Lango," akajibu Mwenyekiti.

Mnakumbuka mwaka ule, kila mtu wa kaskazini alishukiwa kuwa mwasi. Mtu wa kaskazini, nyumba inayowaka na kuzimika gizani, debe lililofungwa lenye waya. Redio ikazimwa. Askari wakarudi nyuma hatua tatu kutoka kwenye debe, mitutu imeinuliwa.

"Fungua."

"Sijui linavyofunguliwa, afande," akasema Otim.

"Nani ameliunda?"

Ndugu wageni waalikwa, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Alisema, "Mimi."

Hakuwa yeye. Huyu mtu hawezi kubadilisha betri ya tochi. Alisema "mimi" kwa sababu aliyeliunda alikuwa mtoto wa watu anayekula kwake.

Sasa mnauliza, na Magidu alikuwa wapi? Magidu alikuwa nyuma ya pazia la dirisha, na kijiko mkononi. Maana hakukuwa na mashine. Nilijaribu wiki tatu, haikusikia hata nikipiga kelele. Kulikuwa na ubao, misumari minane, kila msumari na waya wake wa balbu. Waya wa betri nimeufunga kwenye kijiko cha Mama Akello. Nami nilikuwa nikisikiliza wimbo na kugonga misumari. Debe lilikuwa tupu. Nililifunga ili mtu asijue kwamba halina kitu.

Hadithi ya Nabuyonga inasema niliruka dirishani papo hapo. Mmeisikia. Nimeisimulia mwenyewe, hapa Mbale, Bugembe, mpaka kwa wavuvi wa Masese, na kila mwaka dirisha linakuwa juu zaidi.

Sikuruka. Shifa alikuwa amesimama karibu na dirisha, ningenyoosha mkono ningegusa kitambaa chake, na nikitoka atakiona kijiko. Basi nilikaa. Walimwambia Afande aketi chini, akaketi. Walimwambia avue viatu, akavua kimoja, nikakaa. Akavua cha pili, nikakaa. Wakachukua mkanda wake wa sare wakamfunga mikono nyuma kwa mkanda huo huo, Mama Akello akaanza kulia, nikakaa. Walipomwinua, aligeuza shingo akatazama dirisha, penye tundu nililokuwa nachungulia, na macho yetu yakakutana. Alinitazama kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa, akageuka, akatembea kuelekea lori.

Jovia ndiye aliyenitoa. Alimkimbilia amebeba viatu vile kifuani, anaita, "Mjomba, umesahau! Mjomba, viatu!"

Nikatoka. Sikumbuki kama ni kwa dirisha au kwa mlango. Nikapiga kelele, "Ni uongo, afande! Hakuna mashine, ni mimi na kijiko!" Nikalichana debe kwa panga mbele ya mitutu, askari wote wamelala chini. Ndani kulikuwa na hewa.

Luteni alitazama ile hewa muda mrefu. "Rudi ulipokuwa," akasema. "Mimi naimba. Taa zikikosea, mnakwenda wote wawili."

Akaimba. Mheshimiwa Padri, nisamehe, yule bwana aliimba kama jenereta lisilo na mafuta. Kijiko kikicheza kwenye misumari, nilimfuata, juu na chini. Katikati ya ubeti akapaliwa, akakohoa mara mbili. Nami, sijui shetani gani alinishika, nikamwashia kila kikohozi indiketa.

Askari mmoja akacheka. Kisha wa pili. Kisha luteni mwenyewe akashika tumbo, na watu ambao hawakuwa wanapumua wakapumua. Walimfungua Afande. Nilisubiri anichape, na wallahi ningeona raha. Alichukua viatu vyake kwa Jovia, akavivaa pole pole, akaniambia, "Rudi nyuma ya pazia. Watoto hawajamaliza kuona."

Ni hayo tu. Siku ile, siku ya pili, miaka mitatu sasa, tukila sahani moja, hajawahi kutaja kwamba aliniona. Amenisikia nikisimulia lile dirisha langu refu mbele ya wageni, naye akaitikia kwa kichwa na kuniongezea mchuzi. Kila nikikumbuka nashtuka upya. Mtu gani huyu? Amewezaje?

Afande Otim, walikuwa wanakuchukua, na mimi nilikuwa najali nitaonekanaje. Kosa nililifanya mtaa ukiwepo, ndiyo maana sikuja kukunong'oneza chumbani. Shifa yupo, amesikia. Mwenyekiti yupo. Jovia yule pale, ana miaka tisa, amesikia kwamba alinishinda ushujaa kwa mbali. Naomba unisamehe kabla hujapanda gari la kesho.

Msimpigie makofi bado. Namwona anainuka, naye goti lake ni bovu. Keti, Afande, keti. Mara hii mimi ndiye ninayekuja.

Mheshimiwa Mkuu, dakika zako nimezila zote na za wengine. Wote mliokaa mkanivumilia mpaka hapa, asanteni kwa masikio yenu.