Fimbo ya Kumpimia Favour

Kijiwe chetu kipo juu kidogo ya mwalo, pale wanaposhukia watu wa visiwani, na benchi lenyewe ni ubao wa mtumbwi uliooza tukauokoa. Getruda anamimina kahawa, sisi tunamimina maneno, na mara nyingi anachomimina yeye ndicho chenye faida. Asubuhi hiyo, lakini, kahawa haikushuka vizuri. Okech alikuwa na kikombe mkononi, kinapoa. Shuleni walikuwa wanagawa dawa za kichocho, siku ya mwisho, mchana wanafunga. Binti yake Favour alikuwa anaumwa tumbo na kupata choo cha damu tangu shule zifunguliwe, na bado alikuwa nyumbani. Okech mwenyewe ndiye aliyemzuia. Niliogopa kuliko nilivyoonyesha, maana mtoto yule namjua.

— Si wamempima jana? akauliza Mashimba. Sisi tunamwita Waziri, kwa kuwa redio haimtoki sikioni.

— Walimpima mwenzake, zamu ya Favour ni leo, Okech akajibu. Alisimamishwa ukutani, fimbo ikawekwa kando yake kutoka kisigino hadi utosini. Favour akaja kunisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Baba yangu alipokufa, fundi alikuja na fimbo hivyohivyo.

— Fundi wa jeneza, akasema Yeremia kwa sauti ya chini. Yeye tunamwita Dakta. Alilazwa wodini wiki mbili, akatoka na majina ya dawa zote.

— Jamani, mwalimu si alieleza? Getruda akadakia. Mtoto mrefu anameza vidonge vingi, mfupi vichache. Fimbo ndiyo mizani yao.

— Najua, dada. Kichwa kinajua. Moyo ndio unakataa.

— Na una haki ya kukataa! Waziri akasema. Redio imetangaza, serikali imeamua huko juu kabisa, kila mtoto wa kando ya ziwa apate, tena bure. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Sasa bure je? Si ndiyo ghali mpaka basi!

— Hiyo ni bima, akasema Dakta. Bima ya afya kwa wote. Wanachukua vipimo mapema. Mrefu atachangia zaidi, utumbo wake mrefu.

— Bima wapi! Waziri akapinga. Wanataka kuzungushia ziwa uzio, watu wasiingie majini wakapata kichocho. Lazima wajue mtoto mrefu kuliko wote, uzio umzidi. Ngosha, ndugu yangu, tutachota maji kwa mrija!

— Uzio hauna pesa, Waziri. Hiyo ni tenda ya majeneza. Mbao zinanunuliwa kwa mkupuo, vipimo vikiwa tayari. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kahawa ya Okech ikamwagika kidogo kwenye goti, wala hakujifuta.

— Dakta, mdomo huo! Getruda akafoka. Mwenzako ana mgonjwa ndani.

— Si namtuliza? Asiyekuwepo na lake halipo. Mtoto asipokuwepo shuleni, na ugonjwa wake haupo.

Hapo nikakasirika.

— Methali hiyo umeishika mkiani, nikamwambia. Damu ipo, awepo shuleni asiwepo.

— Wewe ungempeleka? Okech akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Lakini sauti ilitoka nyembamba, na yeye akaisikia.

Ndipo akapanda mama mmoja kutoka chini mwaloni, amefunga mtoto mgongoni kwa kitenge. Mtoto mwenyewe alikuwa mkubwa wa kutembea. Miguu ilikuwa myembamba, inaning'inia, na tumbo limejaa mpaka kitenge kilishindwa kukaza.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Karibu kahawa.

— Asanteni, sikai. Nimetoka kambi ya dagaa, upande wa Ukerewe. Nimefuata hii dawa ya kichocho.

— Shuleni, pale juu, Waziri akamwonyesha. Wahi, wanafunga mchana. Anasoma darasa la ngapi?

— Kambini kwetu hakuna shule. Na pale nimeshafika. Wamenipokea vizuri tu, ila dawa zimekuja kwa hesabu ya wanafunzi walioandikishwa. Wameniambia nisubiri mwisho. Akikosekana mwanafunzi, wangu atapewa.

Akampandisha mtoto mgongoni, akakaza fundo la kitenge, akatutazama mmoja mmoja.

— Nyie ndio wenyeji, mniambie tu nijue kama nisubiri au nirudi na mtumbwi. Yupo mtoto wa hapa ambaye hatakwenda?

Waziri akazima redio. Dakta, mwenye jibu la kila kitu, akakishika kikombe kitupu akakiangalia ndani. Getruda akamtazama Okech, kisha akageuza uso haraka.

Okech akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

— Baba, yupo? yule mama akamuuliza, na uso wake ukaanza kuchangamka.