Nyota Tano za Mama Dirisha Tatu

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu wa usajili. Wakuu wa vitengo, ambao leo mmekaa mbele bila kulazimishwa. Wafanyakazi wenzangu wa madirisha yote matano. Mume wangu na wanangu. Na wewe fundi cherehani uliyejibanza pale mlangoni kana kwamba bado uko kwenye foleni, sogea mbele baba, leo hakuna foleni. Mabibi na mabwana, hamjambo?

Hamjambo tena! Kwa miaka thelathini na mmoja nimewasalimia watu kupitia tundu la kioo, nikiwaona kuanzia kidevu hadi kipaji cha uso. Leo nawaona hadi viatu, basi niacheni nifaidi.

Nimeandikiwa hotuba ya kuagwa. Inasema mimi ni mchapakazi, mwadilifu na mfano wa kuigwa. Nimeikunja nimeitia mkobani, nitamsomea mume wangu siku tutakayokosana. Mimi nataka kusema habari ya tathmini ya huduma zetu za mtandaoni, kwa sababu wengi humu mnaijua nusu tu, na nusu iliyobaki ninayo mimi.

Mnakumbuka mfumo ulipoletwa? Tuliambiwa kuanzia sasa mwananchi ataomba cheti cha kuzaliwa akiwa nyumbani kwake, amekaa kitako, simu mkononi. Haya. Jumatatu tukafungua mlango, wananchi ni walewale, benchi ni lilelile, ila sasa kila mmoja ana simu mkononi na hajui abonyeze wapi. Ningefanyaje? Ningewafukuza? Nikawa nawajazia fomu mimi, kwenye kompyuta yangu. Sasa fomu inataka namba ya simu, na kwenye namba hiyo zinatumwa tarakimu nne za kuthibitisha. Huyu simu imezima, yule namba yake haikumbuki, wa tatu simu ameazima kwa jirani, na foleni imeshafika barabarani. Nikaweka namba yangu. Mara moja tu, nikajiambia. Jamani, mara moja hiyo ilidumu mwaka na nusu!

Na mfumo wenyewe ulikuwa na adabu. Kila ombi likikamilika unatuma ujumbe: “Cheti chako kiko tayari. Tafadhali tathmini huduma yetu, nyota moja hadi tano.” Cheti cha nani? Hausemi. Niko jikoni, mwiko mkono huu, simu mkono huu, nabonyeza tano. Niko saluni, tano. Harusi ya mpwa wangu, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia, mimi nimeinama, tano! Mume wangu akaanza kununa, akidhani nimepata mtu. Wallahi nilifikiri nisipojibu mfumo utagoma, na ukigoma nitalaumiwa mimi.

Ndipo matokeo ya tathmini yakatoka: wananchi tisini na wanane katika kila mia wameridhika. Tukakata keki. Mimi nilikula vipande viwili, nikiwa na imani kabisa kwamba nimevitolea jasho.

Sasa fundi, samahani, naingia kwako. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, na alikuwa anakuja dirishani kwangu, dirisha la tatu, kwa mara ya nne. “Mama,” akaniambia, “binti yangu amepata nafasi chuo cha uuguzi. Kesho saa kumi ndiyo mwisho. Bila cheti cha kuzaliwa hawampokei.”

“Umepata ujumbe?”

“Sijapata.”

“Basi subiri ujumbe, baba.” Nikamwonyesha kwa kidole tangazo lililokuwa kwenye kioo: USIULIZE, SUBIRI UJUMBE. Nililibandika mwenyewe, tena kwa gundi nzuri.

Mara akatokea mtaalamu wetu wa kompyuta, huyu tunayemwita Bwana Nywila, kwa sababu lazima akuulize nywila kabla ya salamu. Meno yote nje. “Mama, njoo ucheke. Kuna mwananchi mmoja anatupenda huyo! Ametupa nyota tano mara elfu mbili mia nne na kumi na moja. Mkurugenzi anataka tumtafute tumpe zawadi. Ngoja nimpigie.”

Akapiga, na simu ikalia mkobani mwangu.

Cheko likamkatika. Mimi wala sikumwangalia yeye. Nilikuwa namtazama fundi. Nikageuka, nikafungua kabati lililo nyuma ya kiti changu, hatua tatu tu, nikapekua. Cheti cha binti yake kilikuwemo. Kilikuwa na wiki sita. Ujumbe wake ulifika kwangu, nikaupa nyota tano nikiwa sijui hata ni wa nani.

Nilimweleza yote. Nilitegemea atanitukana, na kusema kweli ningefurahi anitukane. Alikishika kile cheti, akakipuliza vumbi, akauliza kwa upole: “Kwa hiyo mama, mimi nilikuwa nimeridhika?”

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Ndugu zangu, sisi tukipima huduma tunauliza kama tovuti inafunguka, kama inafunguka haraka, kama rangi zinapendeza. Ni nani kati yetu aliyekuwa amemuuliza huyu mzee kama amepata alichokifuata?

Nilikwenda kwa Mkurugenzi nikiwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Mheshimiwa, usijifanye unatafuta kalamu, nakutaja. Ripoti ya tisini na nane ilikuwa mezani kwako, kesho yake inakwenda kwa wakubwa. Ungenifukuza, ungekuwa na haki. Ungenyamaza, nani angejua? Wewe ulifunga mlango, ukauliza swali moja: “Kabatini kuna vyeti vingapi?”

Vilikuwa mia tatu na sita. Tulipiga simu, tulibisha hodi, mhudumu wa dirisha la pili alimfuata bwana mmoja hadi kwa kinyozi, akampa cheti nusu ya ndevu zikiwa zimebaki. Halafu tukapima upya, safari hii kwa kuwauliza watu walioko kwenye benchi. Tukapata thelathini na saba. Na wewe Mheshimiwa ukaipeleka hiyo thelathini na saba kwa mkono wako mwenyewe. Nilikuona uliporudi. Hukula mchana.

Leo ujumbe una jina la mwenye cheti. Kwenye benchi kuna mtu wa kuelekeza, na lile tangazo nililibandua kwa kisu. Mwaka huu tumepata sabini na moja, na hizo ni za watu, si zangu. Binti wa fundi alifika chuoni Ijumaa ileile, saa mbili asubuhi. Sasa yuko mwaka wa pili. Juzi amenipima presha, akanigombeza kuhusu chumvi.

Namalizia. Wiki iliyopita niliomba kitambulisho cha mstaafu, nyumbani kwangu, kwa simu yangu, kwenye mfumo wetu huuhuu, peke yangu. Picha ilikataliwa mara nne na sikuambiwa kwa nini. Leo asubuhi ukaja ujumbe, na kwa mara ya kwanza una jina langu. Unaniuliza, moja hadi tano. Sikuujibu. Nimekuja nao hapa.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia kazini, na leo kwa kunipa masikio yenu. Fundi, asante kwa gauni hili, na asante zaidi kwa lile swali.

Haya, nabonyeza. Tatu.

Bwana Nywila, usinikunjie uso. Ukitaka kujua mbili zimekwenda wapi, namba yangu unayo. Piga, nitapokea.